Zama za Siasa: Mji Ulipoacha Kuzikana

Wazee wa Unguja na Pemba wana jina maalumu kwa miaka iliyoanzia uchaguzi wa kwanza wa Julai 1957 hadi Mapinduzi ya Januari 1964. Huiita Zama za Siasa. Jina hilo lina la kushangaza, kwani siasa haikuanza visiwani mwaka 1957 wala haikukoma baada ya 1964. Masultani walikuwa na siasa yao, Waingereza walikuwa na yao, na wenye mashamba na wafanyabiashara wa karafuu walikuwa na yao pia. Lakini wazee wanapolitamka neno hilo hawakusudii serikali wala Baraza la Kutunga Sheria. Wanakusudia wakati ule ambapo mtu alianza kuuliza, kabla hajanunua kibiriti dukani, mwenye duka ni wa chama gani.

Mengi yameandikwa juu ya miaka hiyo, na sehemu kubwa ya maandishi hayo ni kesi: mwandishi husimama upande mmoja akamshitaki wa upande wa pili, na msomaji hufanywa kadhi. Makala haya hayatahukumu nani alikuwa na haki kati ya Hizbu na Afro-Shirazi. Yanauliza jambo jengine. Watu waliosali msikiti mmoja, wakateka maji kisima kimoja, wakaoleana na kuleleana watoto, walifikaje pahala pa kuamini kila baya walilolisikia juu ya jirani, na kutoliamini jema lolote, hata walilolishuhudia kwa macho yao?

Jawabu la haraka ni kwamba chuki ilikuwepo tangu kale, na siasa iliifunua tu. Jawabu hili halisimami vizuri mbele ya ushahidi. Ukizifungua sensa za 1924, 1931 na 1948 utaona watu kwa maelfu wakihama kabila pasi na kuhama nyumba: aliyejiandikisha Mswahili mara ya kwanza alijiandikisha Mshirazi mara ya pili, na wa ukoo wake mmoja akajiita Mwarabu. Majina hayo yalikuwa kama kanzu: mtu huvaa inayomfaa kwa shughuli anayokwenda. Serikali ya Kiingereza ndiyo iliyozifanya kanzu hizo kuwa ngozi. Katika Vita vya Pili vya Dunia, chakula kilipogaiwa kwa kipimo, alichopewa mtu kilitegemea kabila lililoandikwa mbele ya jina lake, na mchele ukawa wa makabila fulani tu. Kuanzia hapo kabila lilikuwa na bei, na kitu chenye bei hakikosi wachuuzi. Hata hivyo, kutoka kunung'unikia mchele hadi kushikiana mapanga ni safari ndefu, na haikuwa lazima ifikwe.

Wala haikuwa kwamba watu wa mwambao hawakuzoea kugawanyika. Kinyume chake, sisi ni mabingwa wa mafungu mawili. Lamu ina Mkomani na Langoni. Vikundi vya beni vilishindana kwa sare, kwa zumari na kwa karamu hadi wakubwa wa vikundi wakafilisika. Taarabu imeishi kwa mafumbo ya kundi hili kwa kundi lile. Na Makunduchi, kila Mwaka Kogwa, watu wa pande mbili za mji hukabiliana kiwanjani wakapigana kwa mabua ya migomba, kila mmoja akautoa uchungu wa mwaka mzima mgongoni mwa mwenziwe. Kisha kibanda cha makuti huchomwa moto, wanawake wakaimba, na watu wakaenda kula pamoja. Anayepita njia siku hiyo hukaribishwa, kwani kukosa mgeni ni mkosi.

Tuitazame vyema desturi hiyo, kwa sababu ndani yake mna hekima ya utawala kuliko inavyodhaniwa. Ugomvi una kiwanja chake, una silaha yake isiyoua, na khasa una mwisho wake. Jua likishuka, aliyepiga na aliyepigwa hukaa sinia moja. Hapana anayeambiwa asahau, anaambiwa ale.

Malumbano ya washairi nayo yana sharti linalofanana na hilo. Mwanzoni mwa karne ya 19, Mombasa na Pate zilipokuwa upande mmoja na Lamu upande wa pili, katika ugomvi uliomalizikia vita vya Shela, tungo zilivuka bahari kama majahazi, Muyaka bin Haji akiwa Mombasa na Zahidi Mngumi akiwa Lamu. Maneno yalikuwa makali, na vita vilikuwa vya kweli. Lakini anayetaka kumjibu mshairi hupaswa kwanza kulisikia shairi lake hadi beti ya mwisho, aipime mizani yake, avishike vina vyake, kisha ndipo amrudishie. Huwezi kumjibu mtu ambaye hukumsikiliza. Desturi hiyo haikuvizuia vita vya Shela, na si haki kuibebesha zaidi ya uwezo wake; lakini ilihakikisha kwamba adui ana sauti masikioni mwako, na kwamba sauti hiyo ni yake mwenyewe, wala si ile uliyomzulia.

Sasa turudi 1957. Chama cha Hizbu kilikuwa kimeundwa 1955, na muungano wa Waafrika na Washirazi, uliokuja kuwa Afro-Shirazi Party, uliundwa Februari 1957. Viti sita tu ndivyo vilivyokuwa vya kugombewa Julai mwaka ule. Hizbu haikupata hata kimoja, na Ng'ambo Abeid Karume alimshinda Ali Muhsin Barwani kwa tafauti kubwa. Uchaguzi wenyewe ulipita kwa salama. Kilichofuata ndicho kilichoubadilisha mji.

Kwanza ilikuwa ardhi. Baadhi ya wenye mashamba ya karafuu waliwafukuza wakulima waliokuwa wakikaa na kulima chini ya mikarafuu yao, kwa sababu wakulima hao walikipigia kura chama cha upande wa pili. Mpango huo wa kukaa ulikuwa wa miaka mingi, usioandikwa, wa maneno na heshima. Aliyefukuzwa alihisi kwamba kilichovunjwa ni amana. Ikaja zamu ya maduka. Wafuasi wa Afro-Shirazi wakagoma kununua kwa Waarabu na Wahindi, wakafungua maduka yao ya ushirika, na wafuasi wa Hizbu nao wakawagomea waliowagomea. Mwambao una methali isemayo kwamba Baniani mbaya, kiatu chake dawa. Methali hiyo haina adabu kwa Baniani, lakini ina akili: inakiri kwamba unaweza kumchukia mtu na bado ukamhitaji, na kuhitajiana ni kizuizi. Mwaka 1958 methali hiyo ilikoma kufanya kazi. Baniani mbaya alibaki kuwa mbaya, na kiatu chake kikawa haramu.

Baada ya maduka ilikuwa gari za abiria. Watu wakachagua gari ya kupanda kwa kuangalia chama cha mwenyewe. Baada ya gari, misikiti. Ndoa zikavunjika kwa kadi za chama. Na mwisho wa yote, jambo ambalo kwa Mzanzibari halikuwa likifikirika: mtu akifa, waliokuwa majirani zake wa mlango kwa mlango hawakwenda kumzika. Kuzikana katika jamii yetu ni faradhi ya kutoshelezana, lakini pia ni hesabu ya mwisho ya ujamaa. Ugomvi wote wa duniani huishia pale ambapo mtu anashika upande wa jeneza la hasimu wake. Mji ulipoacha kuzikana ulikuwa umeifunga njia ya mwisho iliyobaki wazi.

Inafaa msomaji aiangalie mfululizo wa miaka, kwa sababu ndio ulio kiini cha hoja yetu. Migomo ya maduka na mazishi ilikuwa 1958. Mauaji yalikuwa 1961. Kwa hiyo si damu iliyowatenga watu. Walikuwa wametengana miaka mitatu kabla ya damu. Na katika miaka hiyo mitatu ndipo uvumi ulipopata rutuba yake.

Magazeti ya Zanzibar yalikuwa mengi kwa kisiwa kidogo. Mwongozi, lililohaririwa na Ali Muhsin, na Afrika Kwetu, lililotetea Waafrika, yalitangulia vyama vyenyewe, na mengine yakazaliwa katika joto la chaguzi. Yaliandikwa kwa Kiswahili kizuri, na kwa hilo hatuwezi kuyanyima sifa. Lakini ukiyasoma leo unaona kwamba hoja kuu haikuwa kodi, wala skuli, wala bei ya karafuu. Ilikuwa historia. Upande mmoja uliandika kwamba babu zenu walituuza, na mkipata nchi mtaturejesha kwenye minyororo. Upande wa pili uliandika kwamba nyinyi ni wageni kutoka bara, mmeletwa kuja kuumeza Uislamu na ustaarabu wa visiwa. Kila upande ulichukua kitu chenye chembe ya kweli. Biashara ya utumwa ilikuwepo kweli, na soko lake la Mkunazini lilifungwa 1873. Na kweli wafanyakazi wengi wa mjini walitoka bara. Chembe hiyo ya jana ikafanywa ushahidi wa nia ya kesho. Hivyo ndivyo uongo wa kisiasa unavyofanya kazi mahala pengi: hauzui jambo kutoka patupu, unaliazima jambo la kweli, ukalipachika pasipo pake.

Kwa nini watu waliamini? Haitoshi kusema kwamba hawakusoma, kwani waliosoma ndio waliokuwa wakiandika. Tunaweza kuikaribia sababu kwa kuitazama methali nyengine: lisemwalo lipo, kama halipo laja. Methali hii huchukuliwa kuwa ni ya kutetea uvumi, lakini katika mji uliozoea kusemezana ilikuwa na dawa yake. Mtu alisikia kwamba fulani amesema hivi. Jioni barazani akamkuta fulani huyo, au ndugu yake, au mke wake kwenye harusi, na khabari ikapimwa kwa sura ya msemwa. Nyingi zilifia hapo. Uvumi wa 1957 na uvumi wa 1961 yumkini haukutafautiana sana kwa ubaya wake. Kilichotafautiana ni kwamba wa 1961 haukukutana na yeyote wa kuukanusha. Aliyeweza kusema kwamba uongo huo, mimi nilikuwepo, alikuwa duka jengine, gari nyengine, msikiti mwengine. Na hata angalisema, neno lake lilikuwa limeshatiwa mhuri wa chama kabla hajafungua kinywa.

Hapa ndipo nafsi ya mwanaadamu inapogeuka kwa namna ya kutisha. Akishajihisabu kuwa ni wa kundi, khabari haiji tena kwake kama khabari. Huja kama mtihani wa uaminifu. Kuutilia shaka uvumi unaomsema adui kunakuwa kama kumtetea adui, na anayemtetea adui naye ni adui. Mwenye busara hunyamaza, mwenye mashaka hunyamaza, na mwenye kelele hudhani kwamba mji mzima uko naye kwa sababu hasikii sauti ya pili. Ukimya wa wema katika hali hiyo hausikiki kuwa ni wema. Husikika kuwa ni ridhaa.

Palikuwa na jaribio la kuitibu hali hiyo. Baada ya mkutano wa watu wa Afrika nzima uliofanyika Accra, Desemba 1958, viongozi wa harakati za uhuru wa Afrika Mashariki waliwasukuma viongozi wa Zanzibar wakae pamoja, na kamati ya uhuru ikaundwa. Kwa miezi kadhaa ya 1959 joto lilishuka. Lakini mapatano yale yalikuwa ya majukwaani. Hayakushuka hadi dukani na makaburini. Mwisho wa mwaka ule Washirazi wengi wa Pemba walijitenga na Afro-Shirazi wakaunda chama chao, ZPPP, chini ya Mohamed Shamte, na mashindano yakaanza upya yakiwa na pande tatu.

Uchaguzi wa Januari 1961 ulikuwa wa viti 22. Afro-Shirazi ilipata 10, Hizbu 9, ZPPP 3. Kiti cha Chake Chake Afro-Shirazi ilikipata kwa kura moja. Wabunge watatu wa ZPPP wakagawanyika, wawili upande wa Hizbu na mmoja upande wa Afro-Shirazi, na Baraza likawa 11 kwa 11. Kwa mwanahisabati hiyo ni sare. Kwa mtu aliyeishi miaka mitatu bila ya kusema na jirani yake, kura moja haiwezi kuwa ni kura moja. Ni ushahidi wa wizi. Kila upande uliamini kwamba umeshinda na kudhulumiwa, na kila upande ulikwenda kwenye uchaguzi wa marudio, ukiwa sasa na viti 23, ukikusudia kutoibiwa tena.

Tarehe 1 Juni 1961 watu walijitokeza kupiga kura kwa wingi ambao nchi kongwe za demokrasia zingeuonea wivu. Zaidi ya asilimia 90 ya walioandikishwa. Fujo zilianza vituoni mjini, watu wakishutumiana kupiga kura mara mbili na kuleta wapiga kura wasiostahiki, kisha zikasambaa mashamba. Hali ya hatari ikatangazwa na askari wakaletwa kutoka bara. Zilipotulia, watu 68 walikuwa wamekufa na zaidi ya 300 wamejeruhiwa. Wengi mno wa waliokufa walikuwa Waarabu, na wengi wa hao walikuwa Wamanga wa mashamba: wachuuzi na wenye viduka, watu waliokuja kutoka Oman wakiwa mafukara. Hawakuwa na mashamba makubwa ya karafuu, hawakumfukuza mtu kwenye ardhi, na wengi hawakuwa na sauti katika chama chochote. Tume iliyoongozwa na Sir Stafford Foster-Sutton ilikuja kusikiliza, na kila chama kikaipelekea kisa chake. Visa hivyo viwili vilisimulia siku moja, katika mji mmoja, na havikukutana popote.

Mengine yanajulikana. Afro-Shirazi na Hizbu zilipata viti 10 kila moja, na Hizbu ikaunda serikali pamoja na ZPPP. Julai 1963 Afro-Shirazi ilipata zaidi ya asilimia 54 ya kura zote, lakini ikapata viti 13 tu kati ya 31, kwa namna majimbo yalivyokatwa na kura zake zilivyorundikana. Uhuru ulipatikana 10 Desemba 1963 na serikali hiyo ikapinduliwa 12 Januari 1964. Maelfu waliuawa, na maelfu wengine wakaondoka kwa majahazi na kwa meli. Wako wanaosema kwamba hesabu ya viti ndiyo iliyoleta hayo yote. Hesabu ilikuwa mbaya, hapana shaka. Lakini nchi nyingi zimewahi kupata hesabu mbaya kama hiyo na walioshindwa wakarudi majumbani wakisubiri miaka mitano. Anayeweza kusubiri ni yule anayeamini kwamba aliyeshinda atamwacha hai.

Iwapo haya yangalikuwa ya kale tu, tungaliyaacha kwa wanahistoria. Lakini vyama vingi viliporudi, tuliirudia njia ile ile kwa hatua zile zile. Mwaka 1995 mshindi wa urais wa Zanzibar alitangazwa kwa asilimia 50.2 dhidi ya 49.8. Mara baada ya hapo zikasikika tena Pemba khabari za maduka ya chama, za harusi zisizohudhuriwa na za maiti wanaosusiwa. Maafikiano ya kwanza ya 1999 yalitiwa saini na wakubwa, yakabaki karatasini. Tarehe 26 na 27 Januari 2001 zaidi ya watu 30 waliuawa katika maandamano, wengi wao Pemba, na wapatao 2,000 wakavuka kwenda Shimoni, pwani ya Kenya, wakawa wakimbizi miongoni mwa watu wasemao lugha yao.

Kisha, 5 Novemba 2009, Rais Amani Abeid Karume na Maalim Seif Sharif Hamad walikutana Ikulu, na mwaka uliofuata, 31 Julai 2010, asilimia 66.4 ya wapiga kura walikubali serikali ya umoja wa kitaifa. Oktoba ile ile matokeo yalikuwa 50.1 kwa 49.1. Ilikuwa tafauti ndogo, kama ile iliyoutia mji moto huko nyuma. Safari hii mshindwa alikwenda kumpa mkono mshindi mbele ya watu, na usiku ule Unguja na Pemba zililala. Nambari hazikubadilika. Kilichobadilika ni kwamba kwa miezi kadhaa kabla ya kura, watu walikuwa wameanza kutembeleana tena, na uvumi ukawa na wa kuujibu.

Hatusemi kwamba dawa ilipatikana na maradhi yakaisha. Uchaguzi wa Oktoba 2015 ulifutwa, ule wa marudio wa Machi 2016 ukasusiwa, na mara tu ukasikia Pemba nani hauziwi samaki na nani hapakiwi garini. Desturi ya kususiana iko tayari muda wote, kama pauro kizani. Hutolewa kwa wepesi kwa sababu kila mtu anajua namna ya kuishika. Na zama hizi uvumi hauhitaji hata gazeti. Huingia mfukoni mwa mtu kwa simu, ukiwa na picha na sauti, na humkuta akiwa peke yake.

Basi anayetaka kuijua afya ya demokrasia ya visiwa hivi asiangalie vituo vya kura pekee. Foleni za Juni 1961 zilikuwa ndefu na kura zilihisabiwa. Aende msibani. Aangalie nani amekuja, nani amekosekana, na waliokuja wamekaa vipi mkekani. Akiona mtu wa chama hiki ameshika jeneza la mtu wa chama kile, ajue kwamba uongo wa kesho bado una wa kuukanusha. Akiona hawapo, asisubiri matokeo ya Tume ya Uchaguzi ndipo aanze kuogopa.